Usiku Maegesho ya Entebbe Yalipogeuka Meupe

Nimekulia Kilembe, mji wa mgodi wa shaba magharibi mwa Uganda, chini ya Rwenzori, mlima wenye theluji, na mpaka natimiza miaka 37 sikuwa nimewahi kuigusa. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, anga likiwa safi, tulisimama nje ya nyumba za kambi ya mgodi tukiangalia kule juu kunavyometa, kisha ukungu unashuka na mlima unafungwa. Theluji ile baba aliiita Nzururu, kama Wakonzo wanavyoiita. "Iko pale tangu enzi za mababu," alikuwa akisema, "lakini haishuki."

Haikushuka kweli. Iliyonikuta mimi, miaka mingi baadaye na mbali na nyumbani, ilikuwa mvua ya mawe, alfajiri, katika maegesho ya ndege ya Entebbe. Lakini chini ya zile taa kubwa, lami yote ikiwa nyeupe pe, mtu yeyote aliyelelewa Kilembe angetamka neno lile lile lililonitoka mimi.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa kuhudumia ndege ardhini. Kwa asiyeijua kazi hii: ndege ikishasimama na kuzima injini, kuna mtu mmoja anayeshika saa. Wapakiaji, wasafishaji, gari la mafuta, gari la chakula, basi la abiria, karatasi za uzito anazosaini rubani, vyote vinapita kwake, na ndege ikichelewa kuondoka ni yeye anayeandika sababu. Kampuni iliyoniajiri ilibandika jedwali ukutani lenye majina yetu na dakika ambazo kila mmoja amechelewesha ndege mwezi huo. Langu lilikuwa na dakika chache kuliko yote, miezi minne mfululizo. Nilikuwa nalipitia jedwali lile kila nikiingia zamu, hata kama nimechelewa kuvaa fulana ya kung'aa.

Zamu yetu ilikuwa ya Kiswahili. Najua Entebbe ni mji wa Kiganda, na karatasi zote za uwanja ni za Kiingereza, lakini kati ya wapakiaji wangu wawili walitoka Kasese kama mimi, mmoja Arua, mmoja Masaka, na dereva wa mkanda wa kupakia mizigo alikuwa Mnubi wa Bombo. Tungesemezana kwa lugha gani nyingine? Kilembe nako kulikuwa hivyo hivyo. Baba yangu alichimba shaba pamoja na Wakiga, Walugbara, Wanyarwanda na watu wa Kongo, na kule chini ya ardhi amri zilitoka kwa Kiswahili. Wapo Waganda wenzetu ambao bado wanakisikia Kiswahili kama lugha ya askari na majambazi, na siwalaumu, maana waliyoyapitia wanayajua wao. Mimi ndicho nilichobembelezewa nacho.

Radi kwetu si habari. Ziwa Victoria lina karibu kilomita 68,800 za mraba, na linajitengenezea hali yake ya hewa. Mchana bara linapata joto kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani, na mawingu yanajengeka juu ya mashamba. Usiku mambo yanageuka: bara linapoa, maji yanabaki na joto lao, na upepo unatoka kila upande wa ufuko kwenda kukutana katikati ya ziwa. Hewa iliyojaa unyevu inakosa pa kwenda, inapanda. Kwa hiyo mtu wa zamu ya usiku Entebbe anazoea kuona umeme ukicheza kule ziwani kuanzia saa nane, na anajua kwamba kabla ya kupambazuka dhoruba hizo mara nyingi husogea upande wa magharibi na kutufikia. Wavuvi wanalijua hilo kuliko sisi, na wamelilipia kwa maisha yao.

Basi usiku ule, katikati ya masika, umeme ulikuwa ukicheza kama kawaida. Tulikuwa na ndege moja ya Boeing 737 iliyopaswa kuondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na baadaye asubuhi ndege ya propela ya kwenda Bunia, Kongo, ambayo kwa bahati ilikuwa bado ndani ya karakana. Saa kumi na dakika arobaini redio ikatangaza kwamba radi inakaribia, wasimamizi tujiandae.

Kanuni yetu ilikuwa wazi: radi ikiingia ndani ya kilomita 8, kila mtu anaondoka nje. Mafuta yanasimama, upakiaji unasimama, na aliyevaa vifaa vya masikioni akizungumza na rubani kupitia waya anauchomoa, kwa sababu radi ikiipiga ndege inaweza kumfuata kupitia waya ule. Hakuna kujificha chini ya bawa. Ndani ya basi au ndani ya jengo, basi.

Tangazo lile lilikuwa la kujiandaa, halikuwa la kusimamisha. Hapo ndipo nilipojipenyeza. Nilitazama mkanda: mizigo 14 imebaki. Tukiifunga sasa, mvua ikipita tunaondoka kwa wakati. Tukiiacha, tutaanza upya kwenye maji, na zile dakika zitaandikwa kwenye jina langu. Dereva wa Bombo alizima mkanda akanigeukia. "Dada, tusimame." Nikamwonyesha vidole viwili, dakika mbili. Akauwasha tena.

Zilikuwa dakika nne. Nimeshazihesabu mara nyingi tangu siku ile.

Kwanza ulikuja upepo wa baridi, baridi ya friji iliyofunguliwa ghafla, ukitokea ziwani na harufu ya udongo uliolowa. Kisha kitu kikagonga boneti ya trekta la mizigo. Kikagonga tena. Mpakiaji wa Masaka, kijana mdogo kuliko wote, alikuwa juu ya mkanda akisukuma mabegi ndani ya tumbo la ndege, na ndiye aliyepiga kelele: "Muzira! Muzira!" Ndivyo Waganda wanavyoyaita mawe ya mvua. Baada ya hapo hatukusikiana. Yalianza kama karanga, yakawa kama kete za bao, mengine yakafika ukubwa wa yai la kware, na mlio wake juu ya ndege ulikuwa kama lori la kokoto linalomwagwa juu ya paa la mabati, halimaliziki.

Tulikimbilia basi la abiria. Ndani nikahesabu: saba. Tulikuwa wanane.

Sitaki kuipamba sehemu hii. Kijana wa Masaka alipogeuka kushuka, mkanda ulikuwa tayari umetapakaa barafu, akateleza akaanguka upande, zaidi ya mita moja na nusu, juu ya mkono wake. Tulimwona kupitia kioo akijaribu kusimama huku mawe yakimpiga kichwani. Dereva wa Bombo hakuniuliza chochote. Alichukua sanduku gumu la abiria fulani lililokuwa sakafuni mwa basi, akalikweza kichwani kama ngao, akatoka. Walirudi wawili chini ya sanduku moja. Kijana alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, na juu ya nyusi palikuwa pamepasuka. Damu ilikuwa nyingi. Nilimfunga kwa skafu yangu ya sare, mikono ikitetemeka, naye akawa ananiambia mimi pole.

Nikiwa nimempakata pale sakafuni nilimkumbuka baba. Mgodini Kilembe, vumbi likianza kudondoka kutoka kwenye dari la mwamba, hata kidogo tu kama unga, yeyote aliyeliona alikuwa na ruhusa ya kupiga kelele na wote wakatoka, nyapara na kibarua. Hakuna aliyeuliza toroli limejaa kiasi gani. Walikuwa na msemo wao: "Toka kwanza, shaba haikimbii." Nimelisikia neno hilo tangu sijaanza shule. Nilikuwa nalitumia hata kwa watoto wangu, wakigombania chakula cha moto. Na bado, siku ilipofika, mabegi 14 yalikuwa mazito kuliko watu wanane.

Dhoruba ilidumu dakika 17. Ilipokata, ilikata kama mtu aliyefunga bomba, tukashuka kwenye kimya ambacho sijawahi kukisikia uwanjani. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaitwa, likaja polepole likipasua barafu. Kijana akaondoka nalo, na dereva wa Bombo pembeni yake. Nami nikabaki nimesimama kwenye weupe. Katikati ya maegesho ulikuwa kama shuka lililotandikwa, lakini kandokando ya kuta, ulikorundikwa na upepo, ulinifika vifundoni. Niliinama nikachota. Ndiyo, nilisema "Nzururu", kwa sauti, peke yangu.

Baadaye niliuliza watu wa hali ya hewa, nikaelewa kwamba sikuwa nimekosea sana. Karibu na ikweta hewa hufikia nyuzi sifuri kwenye kimo cha kati ya mita 4,500 na 5,000 hivi. Kilele cha Margherita, kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, kina mita 5,109, ndiyo maana barafu imeweza kukaa kule na si kwingineko Uganda. Imeweza, na sasa inashindwa: barafu ya Rwenzori iliyokuwa na kilomita za mraba sita na ushee mwaka 1906 ilikuwa imeshuka chini ya kilomita 1 ya mraba kufikia 2003. Mawe ya mvua yanaganda kwenye kimo kile kile na juu zaidi, ndani ya wingu. Upepo upandao unayabeba, yanashuka na kupanda yakivaa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, mpaka uzito unaushinda upepo. Entebbe iko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo yana zaidi ya kilomita tatu za hewa ya joto za kupita, na karibu yote huyeyuka njiani, sisi tukapata matone makubwa tu. Ili yatufikie yakiwa mawe, tena mengi kiasi kile, wingu linapaswa kuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Wenzangu waliofanya kazi pale miaka 20 walisema hawajawahi.

Kwa hiyo hatukuwa na chochote. Gari la kunyunyizia ndege dawa ya kuyeyusha barafu sijawahi kuliona pale. Koleo tulikuwa nazo mbili, za kuchimbia bustani. Katika orodha ya namba tunazoandika ndege inapochelewa, zile zinazotumiwa na mashirika ya ndege duniani kote, 71 ni hali mbaya ya hewa kwenye uwanja wa kuondokea, 75 ni kuondoa barafu juu ya ndege, na 76 ni kuondoa theluji, barafu, maji au mchanga uwanjani. Hiyo 71 niliijua kama jina langu. Hizo nyingine mbili nilizikariri kwa ajili ya mtihani, nikajua sitazitumia hata siku moja.

Nilikuwa bado natazama mabawa nikijiuliza tuanzie wapi, aliponijia mzee mmoja wa kikosi cha usafi. Mkiga wa Kabale, mtu mkimya, ambaye kwa miaka mitatu nilikuwa nikimsalimu tu na kupita. Mkononi ana fagio na kipande cha bati.

"Mwanangu, acha kutazama ndege," aliniambia. "Tazama mfereji."

"Mfereji una nini, mzee?"

Akanishika mkono kabisa, akanipeleka nyuma ya banda letu la mizigo. Mawe yalikuwa yamechana majani ya miti, na barafu ikachanganyika na majani ikafunga wavu wa mfereji kama zege. Akaniambia kwamba kwao Kigezi, ambako kimo ni karibu mita 1,900 na mvua ya mawe huja kuharibu maharage na viazi, watu hawaogopi mawe yakianguka, wanaogopa saa moja baadaye. Barafu yote itayeyuka kwa pamoja, maji yatatafuta mfereji, mfereji umeziba, na yataingia ndani wakati kila mtu ameshalala akidhani mvua imekwisha. "Tuna nusu saa," alisema. "Pengine na kidogo."

Nilikuwa na chaguo, na safari hii nilichagua kumsikiliza anayejua. Nikamwambia atoe amri yeye. Mzee yule akasimama katikati ya wapakiaji, mafundi, na askari wawili waliokuwa lindo, akawagawa. Wengine kwenye wavu, wengine kwenye mlango wa banda kujenga tuta la barafu yenyewe, kwa sababu, alisema, barafu ikishindiliwa inazuia maji kwa muda. Tulichota kwa koleo mbili, kwa vifuniko vya ndoo, kwa sinia za chuma za gari la chakula, kwa mikono. Vidole viliingia ganzi mpaka nikawa sijui kama nimeshika kitu au la. Ndani ya banda mlikuwa na mizigo ya safari tatu, na sakafuni, chini kabisa, makasha ya vifaranga wa siku moja waliokuwa wanakwenda Bunia. Tuliwasikia wakilia muda wote tukifanya kazi. Maji yalipoanza kuja, yalikuja kweli, meusi na ya haraka, yakapiga tuta, yakageuka, yakaingia mferejini. Ndani ya banda yaliingia kiasi cha kulowesha soli.

Mzee yule hakuwahi kualikwa kwenye kikao hata kimoja cha usalama katika miaka yangu yote pale. Vikao hivyo vilikuwa vya wasimamizi, kwa Kiingereza, na chai. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikikaa mle na kunywa chai hiyo.

Jua lilipoanza kutoka, karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, niliitwa ndani. Ukumbi ulikuwa umejaa: abiria wa 737, na wafanyabiashara wa Kongo waliokuwa wamefika mapema kwa safari ya Bunia. Ndege mbili zilizokuwa zinakuja zilikuwa zimegeuzwa, moja Nairobi, moja Kigali, kwa hiyo na waliokuja kupokea wageni nao walikuwa pale. Mkubwa wangu wa zamu alinivuta pembeni: waambie ni dakika 45. Mimi nilikuwa nimeshaiona pua ya ile 737. Najua alitaka amani, na mtu mwenye usingizi hudhani amani ni kutoulizwa maswali.

Mama mmoja wa Butembo, mwenye kitenge kilicholowa, alinikamata mkono kabla sijafungua kinywa. "Mama, tuambie kweli tu. Tunaenda ao hatuendi?"

Nikapanda juu ya kiti. Nikasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, na mwenzangu akasema kwa Kiganda: ndege imepigwa na mawe. Mafundi hawajamaliza kuikagua. Sijui kama itaruka leo. Nadhani haitaruka. Ya Bunia ilikuwa ndani, ni nzima, itaondoka barabara ya kurukia ikishasafishwa. Nitarudi hapa, kwenye nguzo hii, kila baada ya nusu saa, hata kama sina jipya la kusema. Nilirudi mara tisa. Mara nne kati ya hizo sikuwa na jipya, nikasimama nikasema sina jipya, watu wakaitikia "haya" wakarudi kwenye mabegi yao. Hakuna aliyenipigia kelele. Nimewahi kupigiwa kelele kwa kuchelewesha ndege dakika 20.

Nje, kulikuwa na wazo la kumwagia mabawa maji ya moto. Lilitoka kwa mtu mwenye nia njema, na mimi pia niliona lina maana. Kapteni alikataa katakata, akatueleza taratibu, bila dharau, jambo ambalo nimemshukuru mpaka leo. Barafu juu ya bawa, hata tabaka jembamba lenye kukwaruza, linavuruga hewa inayolibeba, na ndege inaweza kushindwa kupanda ikiwa imeshashika kasi. Lakini maji nayo yataingia kwenye maungio ya sehemu zinazojikunja, yatakaa humo, na mkifika juu kwenye baridi yataganda hapo hapo. "Tusubiri jua," alisema. "Hapa kwenu ndilo gari la kuyeyusha barafu." Tukasubiri. Kufikia saa mbili mabawa yalikuwa yanafuka mvuke kama nguo zilizoanikwa.

Ndipo mafundi walipoanza kazi yao ya kweli. Walitembeza tochi kwa mlalo, karibu kabisa na bati, kwa sababu kishimo cha jiwe hakionekani ukikitazama moja kwa moja, kinaonekana kwa kivuli chake. Kila walipokiona walikizungushia alama, wakapima kina, wakalinganisha na kitabu. Makali ya mbele ya mabawa, mdomo wa injini, vioo, taa, na mirija midogo inayopima kasi ya ndege. Pua ndiyo iliyoumia zaidi. Pua ya ndege haijatengenezwa kwa chuma, maana nyuma yake kuna rada ya hali ya hewa na mawimbi yake lazima yapite. Ilikuwa na ufa. Baada ya hapo hapakuwa na mjadala. Marubani nao saa zao za kazi zilikuwa zinakwisha, kwa hiyo hata pua mpya ingetoka mbinguni, wasingeweza kuruka. Abiria tuliwapeleka hotelini kwa mafungu, wenye watoto kwanza. Ndege ya Bunia iliondoka saa sita kasoro, na vifaranga ndani.

Jioni nikaketi kuandika ripoti. Kwenye nafasi ya sababu niliandika 76, mara yangu ya kwanza na hadi sasa ya mwisho. Kwenye nafasi ya maelezo, ambako ajali ya kijana ilipaswa kuandikwa, nilikuta mtu ameshanianzia sentensi: mfanyakazi aliteleza kutokana na hali ya hewa isiyotarajiwa. Nikaifuta. Nikaandika kwamba radi ilitangazwa kukaribia saa kumi na dakika arobaini, kwamba dereva aliomba tusimame, na kwamba mimi niliamuru kazi iendelee kwa dakika nne. Walioniitia kikao walitaka kujua kwa nini nimejichongea. Niliwajibu kwamba bila hizo dakika nne, mkono wa kijana yule usingevunjika, na kwamba lile jedwali la ukutani lilikuwa nami uwanjani usiku ule. Nilipewa barua ya onyo, nikaisaini. Jedwali liliondolewa miezi mitatu baadaye, na sijui kama ni kwa sababu yangu.

Kwenye zamu yangu nilibadilisha jambo moja siku ile ile niliporudi. Neno "simama" likisemwa na yeyote, mpakiaji, dereva, mfagiaji, kazi inasimama, na mimi siruhusiwi kuonyesha vidole. Miezi ya mwanzo lilitumika mara nyingi kupita kiasi, nakiri, na mara mbili lilisemwa na watu waliochoka tu. Niliacha liendelee. Kusimamisha kazi nayo ni kazi, inahitaji mazoezi, na mtu ambaye hajawahi kulisema neno hilo siku ya jua hatalisema siku ya mawe.

Januari 2025, theluji ya karibu sentimita 20 ilipoanguka New Orleans, na viwanja vikubwa vya Houston vikasimamisha safari, niliangalia picha zile usiku kucha. Kwa watu wa Chicago theluji kiasi hicho ni jambo la kila mwaka. Mimi nilikuwa nawatafuta wapakiaji, wale walio nyuma ya picha, wamevaa makoti ya kuazima, nikijiuliza kama kuna aliyewaambia watazame mfereji.

Mchana wa siku ile ya mawe, kabla hata sijalala, nilimpigia baba simu. Alikuwa tayari amehamia Kasese mjini, maana Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 hakutaka tena kukaa karibu nao. Nilikuwa na hamu ya kumweleza. Nikamwambia, baba, nimeishika. Nzururu imeshuka mpaka ziwani, nimeichota kwa mikono hii. Nikamweleza weupe, baridi, vile vitabaka kama vya kitunguu, tuta la mlangoni, mzee wa Kabale. Nilisema kwa haraka, nikajisikia nina miaka minane. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama alivyo.

"Mlitoka wote?" akauliza.

Nikanyamaza.

"Mama," akasema, "nakuuliza. Mlitoka wote?"

Nikaanza kumwambia habari za kijana wa Masaka.